Ibnu-n-Nafis, Tabibu Aliyeonyesha Njia ya Damu Mapafuni

Kila mtu aliyepata kupanda ngazi na mzigo begani, au kumkimbilia mtoto anayeelekea barabarani, amejionea mwenyewe mambo mawili yakija pamoja: moyo kwenda mbio na pumzi kupanda. Hayaji moja sasa na jingine baadaye. Huanza pamoja na hutulia pamoja, kama makasia mawili ya mashua moja. Kwa nini moyo na mapafu viende sawa hivi? Watu wa kale waliliona jambo hili kama tulionavyo sisi, lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja walipewa sababu isiyokuwa ya kweli, wakairidhia, wakafundishana. Aliyeufungua mlango wa kuijua sababu ya kweli alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, tena wa madhehebu haya haya ya Imam Shafi'i tuliyokulia katika pwani yetu. Alizaliwa Sham akafa Misri, na vijana wetu wengi hawajapata kulisikia jina lake. Huyo ndiye twataka kueleza khabari zake katika kurasa hizi.

Jina lake ni Alaa-ud-Din Abul-Hasan Ali bin Abil-Hazm Al-Qarshi, na lakabu iliyomshika ni Ibnu-n-Nafis. Alizaliwa katika nchi ya Damascus kiasi cha mwaka 607 wa Hijra, yaani 1210 wa Miladi. Zama zake zilikuwa zama za dhiki. Wafranki walikuwa bado wameshika miji ya pwani ya Sham, wafalme wa nyumba ya Salahuddin walikuwa wakigombana wao kwa wao, na kabla hajafika miaka hamsini Wamongoli waliingia Baghdad (mwaka 656, yaani 1258) wakaua watu na kuharibu vitabu kwa idadi aijuayo Mwenyezi Mungu. Twayataja haya kwa sababu wako wadhanio kuwa elimu haipatikani ila watu wakiwa katika raha. Mtu huyu aliandika vitabu vyake huku dunia ikiwaka moto pande zote.

Katika Damascus palikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Nur-ud-Din Zangi mwaka 549 (1154), na yajulikana kwa jina lake mpaka leo. Ilikuwa ni wakfu. Mgonjwa alitibiwa humo bila ya kutoa kitu, na wanafunzi wa utabibu walisoma humo humo, wakifuatana na mwalimu wao kitanda kwa kitanda, kisha wakikaa kwa darsa. Hapo ndipo kijana Ali aliposoma, na waandishi wa tarikh wamtaja mwalimu wake kuwa ni Muhadhdhab-ud-Din Ad-Dakhwar, mkubwa wa matabibu wa zama zile, aliyekufa mwaka 628 (1230) na kuiacha nyumba yake iwe madrasa ya utabibu.

Katika darsa ile alikuwamo pia Ibn Abi Usaybi'a, yule aliyetunga kitabu mashuhuri cha maisha ya matabibu. Ajabu ni kuwa kitabu hicho, kilichowataja mamia ya matabibu wakubwa kwa wadogo, katika nakala zake zilizoenea hakina mlango wa Ibnu-n-Nafis. Wengine wamesema kulikuwa na husuda baina ya wawili hao. Sisi hatuoni haja ya kumdhania maiti mabaya kwa jambo ambalo hakuliandika.

Kisha akahamia Cairo, na huko ndiko alikopata jina. Alitibu katika hospitali, akafanywa mkuu wa matabibu wa Misri, na yasemwa kuwa Sultani Baybars alimfanya tabibu wake mwenyewe. Lakini jambo ambalo ndugu zetu yawapasa walitie maanani ni kuwa mtu huyu asubuhi alikuwa tabibu na wakati mwingine alikuwa mwalimu wa fiqhi. Alifundisha madhehebu ya Shafi'i katika madrasa iitwayo Al-Masruriyya mjini Cairo, akaandika sharhe ya kitabu cha At-Tanbih cha Imam Shirazi, akatunga pia juu ya elimu ya Hadithi na juu ya sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie. As-Subki alipokusanya tabaka za wanavyuoni wa Kishafi'i alimtia ndani yao, hakumwacha nje kwa kuwa tabibu. Na ili mtu azijue zama zake vizuri, na akumbuke Imam Nawawi, mwenye Minhaj inayosomwa katika darsa zetu tangu babu zetu. Imam Nawawi aliishi Damascus akafa mwaka 676. Wawili hawa ni watu wa karne moja na madhehebu moja. Mmoja jina lake li katika kila msikiti wa pwani hii, na mwingine hatumjui.

Tabia yake nayo ilikuwa ya kutajwa. Hakuoa. Alijenga nyumba nzuri mjini Cairo iliyosakafiwa marumaru, na usiku matabibu na wakubwa wa serikali walikuwa wakikutana humo kuzungumza elimu. Alipotaka kutunga alichongewa kalamu nyingi kwanza, akageukia ukutani, akaandika kutoka kichwani bila ya kufungua kitabu, na kalamu ikifanya butu aliitupa akashika nyingine asipoteze wakati kuichonga. Katika dawa alikuwa na desturi moja ambayo wauza dawa hawakuipenda: hakumpa mgonjwa dawa ikiwa chakula chatosha, wala hakumpa dawa ya mchanganyiko ikiwa dawa moja yatosha. Yasimuliwa kuwa muuza dawa mmoja alimlalamikia kuwa akitaka kuendelea kuwaandikia wagonjwa vyakula basi na akakae dukani kwa muuza nyama.

Na yasimuliwa tena kuwa siku moja aliingia hamamu. Katikati ya kuoga akatoka mpaka pale pa kuvulia nguo, akataka wino na kalamu na karatasi, akaketi akaandika makala juu ya mapigo ya mshipa mpaka akaimaliza, kisha akarudi ndani kumalizia kuoga. Watu wasimulia kisa hiki kuonyesha wepesi wa akili yake. Sisi twakisimulia kwa sababu ya kile alichokuwa akikifikiria. Mshipa wa mkononi ndio mlango ambao matabibu wa zamani waliingilia kuijua hali ya moyo, na mtu aliyekuwa akishughulishwa na pigo hilo hata majini hakuwa mtu wa kukubali tu maneno yaliyoandikwa juu ya moyo.

Maneno yaliyoandikwa yalikuwa haya. Tabibu wa Kiyunani aitwaye Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu vyamwita Jalinus, aliyeishi katika karne ya 2 ya Miladi, alifundisha kuwa damu hutengenezwa katika ini kutokana na chakula, kisha huenda viungoni na kwishia huko, kama maji yamwagwayo shambani, yasirudi kisimani. Sehemu ya damu hiyo huingia chumba cha kulia cha moyo. Hapo, kwa mafundisho yake, hupenya ukuta ulio katikati ya moyo kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, ikatokea chumba cha kushoto, ikakutana na pumzi iliyovutwa kutoka mapafuni, ikageuka kuwa roho ya uhai inayopelekwa mwilini. Mapafu yenyewe hayakupata damu ila kidogo, ya kujilisha. Ibn Sina, naye ndiye bwana wa utabibu wa Kiislamu, alipotunga Qanun alilifuata fundisho hilo katika asili yake, na akasema kuwa moyo una vyumba vitatu. Qanun ikawa ndicho kitabu cha kusomeshwa toka Bukhara mpaka Andalus. Nani angesimama kumkhalifu Jalinus na Ibn Sina kwa pamoja?

Ibnu-n-Nafis alisimama. Alizikusanya zile sehemu za Qanun zinazozungumza juu ya umbo la viungo, akaziandikia sharhe inayoitwa Sharh Tashrih al-Qanun. Nakala iliyosalia ina tarehe ya mwaka 640 (1242), kwa hivyo alipokiandika alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Humo alisema waziwazi kuwa moyo una vyumba viwili tu. Na ukuta wa kati ni mnene na mgumu, hauna tundu la kuonekana kama walivyodhani wengine, wala tundu lisiloonekana kama alivyodhani Jalinus. Basi damu ya chumba cha kulia haina njia ya kufika kushoto ila moja: hutoka kwa mshipa mkubwa mpaka mapafuni, ikatawanyika ndani yake, ikachanganyika na hewa na kusafishwa, kisha ikarudi kwa mshipa mwingine mpaka chumba cha kushoto. Akaeleza pia kuwa mshipa uendao mapafuni una ukuta mnene na ule urudio una ukuta mwembamba, na kwamba baina ya mishipa hiyo miwili iko mipenyo ya kupitisha kilicho laini. Hakurudia maneno haya mara moja tu. Aliyasema mahali zaidi ya pamoja katika kitabu hicho, kama mtu ajuaye kuwa hataaminiwa kwa wepesi.

Yeye mwenyewe ametaja kuwa kilichomzuia kupasua miili ni Sharia na huruma iliyo katika tabia yake. Wataalamu wa siku hizi wamejadiliana sana juu ya neno hilo: aliujuaje ukuta wa moyo kama hakuupasua? Hoja zake zasomeka kitabuni, na kwetu sisi zatosha kuonyesha njia aliyopita. Alikitazama kila kiungo akauliza kimewekewa kazi gani. Kama mapafu yalipata damu ya kujilisha tu, mshipa mnene namna ile wa nini? Na kama ukuta una vitundu, kwa nini nyama yake isionyeshe dalili yoyote? Hakukataa kwa sababu ya kupenda kukataa. Kwa Ibn Sina alikuwa na adabu kubwa, aliifupisha Qanun yake na kuisherehesha maisha yake yote, hata kitabu chake kifupi cha Al-Mujaz kikasomwa kuliko vyote alivyotunga. Aliyeishi na kitabu namna hiyo ndiye aliyeweza kuliona kosa lililomo.

Sasa na turudi kwa mtu aliyepanda ngazi na mzigo. Ibn Sina katika kitabu cha kwanza cha Qanun alitenga milango mizima juu ya riyadha, na neno letu la riadha ni neno hilo hilo. Aliieleza kuwa ni harakati za hiari zinazomlazimisha mtu kuvuta pumzi kubwa na za haraka mfululizo. Maelezo haya ni mazuri sana, kwani hakuipima riyadha kwa uzito wa jiwe wala kwa urefu wa njia bali kwa pumzi. Lakini mwenye kushika fundisho la Jalinus hawezi kueleza kwa ukamilifu kwa nini iwe hivyo. Ikiwa damu yapenya ukutani kidogo kidogo kama maji katika mtungi wa udongo, mkimbiaji atapata wapi haraka ile anayoihitaji?

Kwa njia aliyoonyesha Ibnu-n-Nafis, jambo lote lakaa sawa, na elimu ya leo imelitia hesabu. Mtu mzima aliyeketi, moyo wake husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika moja, na damu yote ya mwilini mwake ni kama lita 5 vilevile. Maana yake ni kuwa kwa kila dakika damu yake nzima yapita mapafuni mara moja. Haipiti sehemu ya kulisha mapafu tu, yapita yote. Moyo wa kulia na moyo wa kushoto ni pampu mbili zilizofungwa pamoja: tone linalotoka kushoto kwenda miguuni halitakwenda tena safari ya pili mpaka lipite mapafuni kwanza. Huko huacha hewa chafu iliyotolewa na misuli, iitwayo kaboni dioksidi, na kuchukua oksijeni iliyo katika pumzi, ambayo ndiyo misuli huihitaji ili ichome chakula na kupata nguvu.

Mtu huyo akisimama akaanza kukimbia, misuli ya miguu hutaka oksijeni mara nyingi zaidi ya kwanza. Mapigo ya moyo yaliyokuwa kama 70 kwa dakika hupanda mpaka 150 au 180, na kila pigo hutoa damu zaidi. Zile lita 5 huwa 20, na kwa wakimbiaji hodari huzidi 30. Pumzi nazo, zilizokuwa zikiingiza lita 6 mpaka 8 za hewa kwa dakika, huingiza lita 100 na kupita. Na mgawanyo wa damu hubadilika. Wakati wa kupumzika misuli hupata kama sehemu moja katika tano. Wakati wa kukimbia sana hupata sehemu nne katika tano, kwa kuwa mishipa yake hupanuka na ile ya tumboni na figoni hubana. Ngozi nayo huongezewa damu ili itoe joto, ndiyo maana uso huwaka na jasho hutoka. Nani aamuruye haya yote? Si sisi. Ubongo huionja ile hewa chafu katika damu, hupata khabari kutoka misuli inayotikisika, na huamuru kifua na moyo bila ya kumwuliza mwenyewe.

Wala moyo hausaidiwi na mapafu kwa hewa tu. Kila kifua kikivuta pumzi, huivuta pia damu ya mishipa irudiyo, ikapanda kutoka tumboni kuelekea moyoni. Na misuli ya miguu inapokaza huikamua mishipa iliyo ndani yake, na kwa kuwa mishipa hiyo ina vilango visivyofunguka kurudi nyuma, damu haina pa kwenda ila juu. Hamali apandaye na gunia huirudisha damu yake kwa miguu yake na kwa pumzi zake. Akisimama ghafula baada ya kazi nzito, huenda akaona kizunguzungu, kwa sababu mkamuo ule umekoma na damu imetulia miguuni.

Katika mapafu kwenyewe, damu hukutana na hewa katika mishipa myembamba kuliko unywele, inayozunguka vifuko vya hewa vilivyo mamia ya mamilioni. Chembe moja ya damu hukaa hapo, mtu akiwa ameketi, kiasi cha robo tatu za sekunde, na akiwa mbioni hukaa karibu ya robo moja tu. Katika robo hiyo, kwa mtu mzima wa afya, yatosha kujaa oksijeni. Hii ndiyo ile mipenyo ambayo Ibnu-n-Nafis alisema iko, naye hakuwa na chombo cha kuionea.

Na akitaka mtu kujua ingekuwaje kama vitundu vya Jalinus vingekuwapo kweli, na awaulize madaktari juu ya watoto wanaozaliwa na tundu katika ukuta wa moyo. Tundu likiwa kubwa, mtoto huchoka akinyonya, hutweta kwa jambo dogo, na asipotibiwa kifua chake huharibika. Kile ambacho watu walikifundisha miaka elfu moja kuwa ndiyo desturi ya moyo, kumbe ni ugonjwa wake.

Liko jambo jingine alilolisema, na watu hawalitaji sana. Ibn Sina alisema kuwa moyo hujilisha kwa damu iliyo ndani ya vyumba vyake. Ibnu-n-Nafis akakataa, akasema moyo hulishwa na mishipa iliyopenya ndani ya nyama yake wenyewe. Na ndivyo ilivyo. Mishipa hiyo ndiyo ambayo leo ikiziba mtu huanguka. Moyo ufanyapo kazi zaidi, nao wenyewe huhitaji damu zaidi, na mwenye mishipa iliyobana hupata maumivu ya kifua akipanda mlima yasiyompata akiwa ameketi. Wako wazee wetu wanaoona mazoezi ya mwili kuwa ni mchezo wa watoto, wakakaa dukani toka asubuhi mpaka Isha, na safari yao ndefu kabisa ni ya kutoka kitini mpaka mlangoni. Moyo uliozoeshwa kazi hukua nguvu, ukatoa damu nyingi kwa pigo moja, na kwa hivyo hupiga polepole mtu akiwa amepumzika. Uliozoeshwa kukaa hupaswa kupiga mara nyingi kwa kazi ile ile. Kutembea kwa miguu kwenda msikitini hakuhitaji kiatu cha mchezo. Lakini mwenye maumivu ya kifua na amwone daktari kwanza.

Haki yataka tuseme pia asichokijua. Hakujua kuwa damu yazunguka mwili mzima na kurudi. Aliionyesha njia ya mapafuni peke yake, na kuhusu ini alibaki na mafundisho ya kale. Alidhani hewa na damu vyachanganyika ili kupatikana roho ya uhai, na oksijeni haikuwa imejulikana na mtu yeyote wala haikujulikana mpaka karne ya 18. Mzunguko mzima ulithibitishwa na Mwingereza William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628, alipohesabu kuwa damu inayotolewa na moyo katika nusu saa yazidi damu yote iliyo mwilini, basi lazima ni ile ile irudiayo. Na mishipa myembamba ya mapafuni ilionwa kwa darubini na Mtaliana Marcello Malpighi mwaka 1661, katika mapafu ya chura. Kuwanyima watu hawa haki yao ili tumpandishe wetu si uadilifu.

Kabla ya Harvey, njia ya mapafuni ilikuwa imekwisha kuandikwa Ulaya. Mhispania Michael Servetus aliitaja katika kitabu cha dini mwaka 1553, na mwaka huo huo akachomwa moto mjini Geneva kwa ajili ya itikadi yake. Realdo Colombo, Mtaliana, akaiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1559. Walipata wapi? Tabibu mmoja wa Italia, Andrea Alpago, alikuwa amekaa Damascus miaka mingi, akajua Kiarabu, akafasiri sehemu ya sharhe ya Ibnu-n-Nafis juu ya Qanun, nayo ikapigwa chapa Venice mwaka 1547. Lakini sehemu iliyochapwa ni ya dawa, si ile ya moyo. Wako wenzetu ambao wakisikia hivi huruka mara moja kusema kuwa Wazungu wameiba. Wataalamu wameligawanyikia jambo hilo, na kumtuhumu mtu wizi bila ya ushahidi ni jambo ambalo kadhi hulikataa hata kwa kuku.

Lililo na ushahidi ni uzembe wetu. Kitabu kilikuwa cha Kiarabu, kimeandikwa Misri au Sham, na wafafanuzi wachache wa karne iliyofuata walilisoma neno lake na kulitaja. Baada yao vyuo viliendelea kumsomesha Jalinus kama kwamba hakuna lililosemwa. Wanafunzi walisoma Mujaz, wakaihifadhi, wakaisherehesha na kuisherehesha sharhe yake, na kile kitabu chenye khabari ya moyo kikawekwa rafuni.

Mwenyewe hakuyaona hayo. Alifika umri wa miaka kama themanini. Mwezi wa Dhulqaada mwaka 687 akaugua siku sita. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo, kwani ulihesabiwa kuwa dawa ya ugonjwa wake. Akakataa, asitake kukutana na Mola wake na kitu chochote cha mvinyo tumboni. Akafa tarehe 21 ya mwezi huo, nayo ni 17 Desemba 1288. Alikuwa amekusudia kutunga kitabu kikubwa cha utabibu kiitwacho Ash-Shamil kiwe mijaladi 300. Alikuwa amekamilisha 80. Nyumba yake ya marumaru na vitabu vyake vyote aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri, ile aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo miaka minne kabla.

Mwaka 1924 kijana wa Kimisri, Muhyi-d-Din At-Tatawi, alikuwa akisoma udaktari katika chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Alikuwa akitafuta jambo la kuandikia, akaisoma nakala ya Sharh Tashrih al-Qanun iliyokuwa katika maktaba ya Berlin, akakuta humo maneno juu ya moyo na mapafu ambayo walimu wake hawakuyatazamia. Kiarabu hawakukijua, wakapeleka maandiko yake Cairo kwa Max Meyerhof, tabibu wa macho wa Kijerumani aliyekuwa hodari wa vitabu vya kale vya Waarabu. Meyerhof akaona kuwa ni kweli, akatafuta nakala nyingine, akayatangaza katika majarida ya Ulaya baada ya mwaka 1930. Maandishi ya At-Tatawi mwenyewe yalibaki bila ya kupigwa chapa. Amma kitabu chenyewe cha Ibnu-n-Nafis kilipigwa chapa kwa Kiarabu mjini Cairo mwaka 1988, miaka 700 ya Miladi tangu kufa kwake.